Ijumaa Jioni Chini ya Sekenke

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia kijiji chenye redio moja, kuhama kulikuwa kuhama. Siku hizi kijana anahama kwa kigari cha kirikuu, godoro limekunjwa, televisheni ameipakata, na kabla jirani hajajua kama ameondoka, picha za chumba kipya zimesharushwa mtandaoni. Sisi tulipohama Vudee kwenda Mwanza, kijiji kizima kilitoka msaragambo, ile kazi ya pamoja ya sisi Wapare, ambayo siku nyingine ilikuwa ya kuzibua mfereji au kufukia makorongo ya barabara. Mvua ilikuwa imeikata njia na lori halikuweza kupanda, basi vitu vyetu viliteremka mlimani juu ya vichwa vya watu. Kitanda cha wazazi wangu kilitangulia kupita migombani kimebebwa na wajomba, nyuma yake akaja mama mmoja wa kwaya na cherehani kichwani, anaimba sauti ya kwanza kana kwamba amebeba kikapu cha mchicha. Hakuna aliyelipwa. Walikunywa uji, wakatuombea, wakapanda kurudi makwao.

Mimi ndiye Nakijwa, mtoto wa kwanza. Nyuma yangu alikuwepo Elibariki, ambaye wakati huo meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Baba yetu, Elieza, alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge kule tambarare. Shamba likafungwa, akarudi mlimani kulima maharage, na jembe halikumkubali hata kidogo. Mama alishona nguo za watu mpaka macho yakawa mekundu. Tulikula makande asubuhi, makande mchana, na usiku tukaambiwa tumshukuru Mungu kwa makande. Nayapenda mpaka leo, lakini nasema ukweli: kuna wakati nilikuwa nikiona punje ya mahindi naona hasira.

Ndipo kazi ikapatikana Mwanza, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Fundi wao alikuwa anastaafu, na kazi ile ilikuja na nyumba. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: mwisho wa kufika ni Jumamosi saa sita mchana, akabidhiwe mashine na ufunguo. Asipoonekana, yuko mtu mwingine anayesubiri. Baba akasema atafika Ijumaa, na sote tulijua kwa nini alisema Ijumaa.

Sisi tulikuwa Wasabato, wachache katikati ya Walutheri wengi wa Vudee, na baba alikuwa Msabato wa kupindukia. Nyumbani kwetu Ijumaa mchana ilikuwa vita. Kuni zichanjwe, maji yachotwe, chakula cha kesho kipikwe, nguo zipigwe pasi ya mkaa, viatu vipakwe rangi, watoto wasuguliwe visigino kwa jiwe mpaka walie, yote kabla jua halijajificha nyuma ya mlima. Likishajificha, hata kama kiatu kimoja kimebaki na vumbi, kitabaki nalo. Tuliimba, baba akafungua Sabato kwa maombi, na maombi ya baba hayakuwa ya kitoto! Aliwataja wagonjwa wa kijiji kizima kwa majina, akawataja wasafiri, akamtaja hata yule jirani tuliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba. Sauti yake ilinipa usingizi mtamu ambao sijaupata tena.

Basi tukaondoka Same, mji ulio chini ya milima yetu, Jumatano. Lori lilikuwa la Bwana Hamisi, Mwislamu wa pale mjini, mtu wa makamo, mpole, mwenye kanzu moja safi aliyoitundika nyuma ya kiti chake. Mbele alikaa yeye, mama na bibi mzaa baba. Juu ya mizigo tulikaa baba, Elibariki na mimi, tumefungwa kwa khanga kwenye kitanda tusidondoke. Waambie watoto wa leo habari hiyo! Wao wakikaa kiti cha nyuma bila chaja wanasema wanateseka.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa ardhi yenyewe. Tulipoupita mji wa Arusha na milima ikabaki nyuma, Elibariki alianza kulia akiuliza nani ameichukua. Mtoto aliyezaliwa Pare anajua kwamba kila nyumba ina juu yake na chini yake. Ukimtuma kwa jirani unamwambia panda au teremka. Sasa hapa hakuna kupanda wala kuteremka. Bibi naye, gari liliposimama, alishuka akaitazama ile tambarare kwa hofu ya wazi, kisha akamwuliza Bwana Hamisi, "Mwanangu, hawa watu maji yao yanajuaje pa kwenda?" Bwana Hamisi alicheka mpaka akakohoa. Lakini bibi hakuwa anatania. Alikuwa amezeeka akipokea maji ya mfereji kwa zamu, na nchi isiyo na mteremko kwake ilikuwa nchi ya kiu.

Katika siku zile barabara ilikuwa vumbi na mashimo. Karibu na Katesh, chini ya mlima Hanang, springi ya nyuma ikakatika. Tukakaa pale tukisubiri fundi aje na nyingine, Alhamisi yote ikateketea. Baba alivua shati akaingia chini ya gari mwenyewe kusaidia. Mama alikaa pembeni, na kila alipolitazama jua nilijua anapiga hesabu.

Ijumaa mchana tukaingia Singida, na adhana ikaadhiniwa. Bwana Hamisi akazima gari, akaichukua ile kanzu yake safi.

"Mzee," akamwambia baba kwa adabu, "najua tumechelewa. Lakini Ijumaa hii siwezi kuipita."

"Nenda kaswali," baba akamjibu. "Na yangu ikiingia jioni, nami usinikatalie."

"Hakuna neno."

Nilimwona mama akifumba macho. Sisi watoto tulikuwa tunakula miwa, hatukujali. Leo hii, nikiwa mwanamke mzima, nikikumbuka yale macho yaliyofumbwa naona aibu kwamba nilikuwa nasherehekea muwa.

Tulipoteremka mlima Sekenke jua lilikuwa limeinama. Mbele yetu ilikuwa mbuga ya Wembere, majani mpaka macho yachoke, hakuna nyumba ya maana. Bwana Hamisi alikuwa anakimbiza lori kama anafukuzwa, sufuria zinagongana, kuku wetu wanapiga kelele. Kule kwetu jua likigusa mlima limekwisha, lakini pale tambarare lilining'inia tu, jekundu, halina haraka. Bwana Hamisi alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Mzee, bado lipo! Lako bado lipo!" Baba alikuwa amesimama juu ya mizigo ameshika kamba, analitazama. Ukingo wake wa mwisho ulipozama, akainama akagonga paa la kichwa cha lori kwa kiganja, mara tatu.

Lori likasimama. Vumbi likatupita.

"Bwana Hamisi, tumefika," baba akasema akishuka.

"Tumefika wapi, Mzee? Hapa ni porini."

"Sabato imefika."

Bwana Hamisi alishuka, akazunguka gari lake, akapiga teke tairi. Kisha akasema, "Mchana ulinisubiri. Na mimi nitakusubiri." Nilifurahi kwa ajili ya baba. Nilidhani mambo yamekwisha, tutaimba, tutakula makande ya baridi, tutalala juu ya vitanda vyetu katikati ya mbuga.

Mama akashuka. Alikuwa na tabia ya kujifunga khanga taratibu akiwa na hasira, na sasa alijifunga taratibu sana.

"Baba Nakijwa, kesho saa sita ufunguo wanampa mwingine."

"Najua."

"Unajua, halafu unakaa?"

"Nakaa, Mama Nakijwa. Gurudumu halitazunguka mimi nikiwa juu yake."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimbishia baba. Ndugu zangu, siku hizi mke na mume wanabishana mbele ya watoto, mbele ya wageni, na mbele ya watu elfu kwenye simu. Enzi zetu, kama walikuwa wanabishana, sisi hatukujua. Kwa hiyo mama alipomgeukia dereva na kusema, "Bwana Hamisi, washa gari," niliishika kamba ya mizigo kwa mikono yote miwili.

Bwana Hamisi akamtazama baba. Aliona haya mtu wa watu. "Mama, mimi nilimwahidi mzee."

"Ulimwahidi yeye. Mimi hukuniahidi. Watoto wangu hawarudi kula mahindi ya majirani."

Baba akasema polepole, "Mimi sipandi. Wao siwazuii."

Sasa tukamtazama bibi. Bibi ndiye aliyemlea baba katika imani ile. Bibi ndiye aliyewahi kunichapa kwa kuchuma pera siku ya Sabato. Nilimsubiri ashuke amrudi mkwe wake. Hakushuka. Alikaa palepale kwenye kiti, mkoba wake mapajani, akasema, "Elieza mwanangu, mke wako hawezi kufungua nyumba ya ugenini peke yake. Naenda naye."

Niwaambieni, kama ule mlima Sekenke ungeinuka ukahama, nisingeshtuka vile. Mama akapanda juu, akateremsha sufuria ya makande na blanketi moja, akaniwekea mikononi. "Shuka ukae na baba yako," akaniambia. "Asiwe peke yake." Bwana Hamisi alisema samahani, akarudia, kisha lori likaondoka na mama yangu, bibi yangu, mdogo wangu, cherehani na kuku. Sikuwa najua kwamba familia inaweza kugawanyika ikiwa hakuna aliyekufa.

Baba akaanza wimbo wa kufungua Sabato. Sauti ilimkatika katikati. Nikaingia na sauti ya pili mpaka akaipata tena, kisha akaomba, na katika wasafiri aliowataja, wa kwanza alikuwa mama.

Haikupita muda akatokea mtu anarudisha ng'ombe zizini, Mnyiramba wa pale jirani. Alituona tumekaa kando ya barabara na sufuria, akauliza, "Gari limewaacha?"

"Hapana," baba akamjibu. "Sisi ndio tumeliacha."

Yule mtu alifikiri kidogo, akatuambia tumfuate. Alitulaza kwake, na mkewe alitupa ugali wa mtama na mlenda bila kutuuliza dini wala kabila. Siku ya pili walishangaa kumwona mwanamume mzima, asiye mgonjwa, amevaa shati safi amekaa uani mchana kutwa ananisimulia Maandiko. Baba alikuwa mchangamfu kwa kujilazimisha. Jua lilipofika utosini akakitazama kivuli chake kilichokusanyika miguuni.

"Basi," akasema. "Wameshampa mwingine."

Nilimpenda na nilimkasirikia papo hapo, na nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili. Baada ya jua kuzama tulipata lori la vitunguu, na Jumapili tukaiona Mwanza: mawe juu ya mawe, mengine makubwa kuliko kanisa letu, yamekaa juu ya mengine kwa namna ya kutisha. Nilipita chini yake nimeinamisha kichwa.

Tulimkuta mama mlangoni kwenye nyumba ya kiwanda. Mapazia yetu ya Vudee yalikuwa yameshatundikwa.

"Kazi bado ipo," akasema hata kabla ya salamu.

Baba alishika ukuta. "Kwa vipi?"

"Nimewaambia umelazwa Singida. Malaria."

Bibi, aliyekuwa anachambua mboga, aligeuzia uso ukutani. Baba akakaa kwenye ngazi. Aliuliza jambo moja tu, "Ulisema hivyo siku ya Sabato?" Mama akajibu, "Nilisema hivyo saa tano asubuhi, na ufunguo huu hapa." Hawakuongea tena mpaka kulipokucha.

Mimi na Elibariki tulijua kitakachotokea. Baba ataenda kwa meneja, atasema hakuwa mgonjwa, tutafukuzwa, tutarudi mlimani. Hatukuwa na shaka hata chembe. Mtu aliyelala kwa watu asiowajua ili gurudumu lisizunguke, atashindwaje kusema kweli? Elibariki alianza hata kuwaaga kuku, akidhani hawatarudi nasi. Mimi nilikunja nguo zangu.

Lakini Jumatatu asubuhi meneja hakusubiri afuatwe. Alikuja mwenyewe, mtu mnene mwenye uso wa huruma, na machungwa kwenye mfuko. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kutupapasa vichwa. "Pole sana, fundi," akamwambia baba. "Mke wako alituambia. Malaria ya safarini ni mbaya."

Tulisimama sote mle sebuleni. Baba alimtazama mama. Akamtazama bibi, akatutazama sisi, akayatazama mapazia. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ule ukweli.

"Nimepona, bwana," baba akasema.

Jamani! Nilitazama sakafu nikidhani itapasuka. Haikupasuka. Meneja aliacha machungwa mezani, akaondoka na baba kwenda kumwonyesha mashine, na mama akaingia jikoni. Nilimfuata nikidhani anacheka, maana si ameshinda? Nikamkuta ameuma pindo la khanga, analia bila sauti. Machungwa yale hayakuliwa na mtu.

Baba alifanya kazi pale mpaka akastaafu. Walimruhusu Jumamosi zake zote, sisi tukasoma, tukashiba, tukawa watu wa mjini. Nyumba ile ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo, siwezi kuikana. Lakini Ijumaa ya kwanza, tulipomaliza kuimba na kuinamisha vichwa, palikuwa kimya. Tukasubiri. Kisha baba akasema, "Omba wewe, Mama Nakijwa." Mama akaomba huku akikwama. Na Ijumaa iliyofuata vilevile, na nyingine, na mwaka ule na miaka yote iliyofuata. Baba aliimba, alisoma, alipaka viatu vyake rangi mapema na kukaa safi, lakini sikusikia tena akiomba kwa sauti mpaka tulipomrudisha Vudee kumzika.

Sasa barabara ni lami tupu. Ukipanda basi Mwanza asubuhi, unapita Sekenke umesinzia, na wajukuu zangu wameziba masikio na vile vidude vyao, hata ukiwaambia tazameni hawainui macho. Wanajua mengi kuliko sisi. Wameona vita, mafuriko na viumbe vya baharini kabla ya kifungua kinywa, na hakuna kinachowashtua.

Juzi mwanangu, tuliyempa jina la babu yake, alikuwa sebuleni kwangu anakula sambusa. Simu ikaita, ofisini kwao. Akaisogeza sambusa shavu la pili, akalegeza sauti, "Bosi, niko hospitali hapa, malaria imenikamata." Akakata, akaendelea kutafuna, akamwomba mkewe amwongezee chai. Mkewe akammiminia. Watoto hawakugeuka. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta nani ameshtuka, na nikaona kwamba ni mimi peke yangu.

Basi nikawasimulia haya niliyowasimulia ninyi, kuanzia kitanda migombani mpaka ile Ijumaa ya ukimya. Mwanangu aliacha kutafuna. Akaweka kikombe chini, macho yamemtoka.

"Kwa maneno mawili tu, mama? Maisha yake yote?"

Alikuwa ameshtuka kweli, na kwa kitambo kidogo nilifurahi, mpaka nilipoelewa kwamba aliyemshtua ni babu yake.